Tiba ya Hedhi na Uzazi katika Nchi ya Wahaya

Desturi ya wanahistoria ni kutafuta habari mahali zilipoandikwa, na kwa hiyo jambo lisiloandikwa huhesabiwa upesi kuwa halikuwako. Ndivyo ilivyotokea kwa tiba ya hedhi katika nchi ya Wahaya, yaani sehemu za Bukoba na Muleba, magharibi ya ziwa Viktoria. Vitabu juu ya Wahaya si haba. Hermann Rehse, Mjerumani, alitoa kitabu chake juu ya Kiziba mwaka 1910. Padre Edmond Césard wa Mapadre Weupe alianza mwaka 1935 kuchapisha makala ndefu juu ya Wahaya katika jarida la Anthropos. Hans Cory na M. M. Hartnoll walitoa kitabu cha sheria za mila mwaka 1945, na mwaka 1949 F. X. Lwamgira, mwana wa nchi, akatoa Amakuru ga Kiziba kwa lugha yake mwenyewe. Katika kurasa hizo msomaji ataona falme, koo, mashamba na hukumu kwa wingi. Dawa ambayo mwanamke alimpa binti yake siku zake zilipochelewa haionekani sana.

Si kwamba mwili wa mwanamke ulisahauliwa. Sheria ya bisisi yatosha kuwa ushahidi. Kwa mila hiyo, mwanamume wa kwanza kulala na mwanamke baada ya kujifungua aliweza kudai mtoto atakayefuata, hata kama mtoto huyo alizaliwa katika nyumba ya mwingine. Basi mizunguko ya mwili, tangu uzazi mmoja hata mimba nyingine, ilikuwa jambo la kutolewa ushahidi mbele ya wazee. Mke asiyezaa naye aliweza kurudishwa kwao, na mali iliyotolewa kwa ajili yake ikadaiwa. Kwa hiyo hedhi iliyopotea au iliyozidi haikuwa maumivu tu: ndani yake mlikuwamo ndoa, heshima na makao ya mtu. Hukumu za mambo hayo zilipata mwandishi; tiba zake hazikupata.

Yafaa kulinganisha na China, ambako mambo yalikwenda njia nyingine. Kitabu cha kale kiitwacho Huangdi Neijing kilihesabu maisha ya mwanamke kwa miaka saba saba, hedhi ikija katika mwaka wa 14 na kukoma katika mwaka wa 49. Tabibu Sun Simiao, katika karne ya 7, aliweka maradhi ya wanawake mbele ya mengine katika kitabu chake cha dawa, na mwaka 1237 Chen Ziming akaandika kitabu kizima juu yao. Waganga hao walifundisha kwamba damu ndiyo asili ya afya ya mwanamke, na kwamba hedhi ikiwa nyingi, chache, ya maumivu au ya kuchelewa, kila hali ina sababu yake na dawa yake. Dawa yao mashuhuri ya vitu vinne, ambayo mmoja wake ni mzizi wa danggui, yatumika hata leo. Lakini waandishi wenyewe walikuwa wanaume wasomi, na maarifa waliyoyapanga hapana shaka mengi yalitoka kwa wakunga na akina mama ambao majina yao hayakuhifadhiwa. Tofauti ya China na Buhaya, basi, si kwamba hapa palikuwa na elimu na pale hapakuwa. Ni kwamba elimu moja ilipata kalamu.

Elimu ya Kihaya ilikaa kibanjani. Chini ya migomba, karibu na nyumba, husimama mti wa omubilizi, ambao majani yake machungu hunywewa kwa homa, kwa tumbo na kwa minyoo. Majaribio ya maabara kwa wanyama yameonyesha kwamba maji ya majani hayo yaweza kufanya mfuko wa uzazi ujikunje. Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Jani lenye nguvu hiyo laweza kumsaidia mmoja na kumdhuru mwingine aliye na mimba changa. Jina la mti, basi, ni sehemu ndogo ya tiba. Sehemu kubwa ni kipimo, wakati, na kumjua mgonjwa, na hayo hayaonekani katika jani lililokaushwa. Pale dawa za nyumbani ziliposhindwa, palikuwa na omufumu, apigaye ramli na kutafuta chanzo, na palikuwa na embandwa, waliosema kwa niaba ya mizimu kama Wamara na Mugasha.

Katika zama za ukoloni shida ilizidi. Kisonono, ambacho huweza kuziba mirija ya uzazi na kuleta maumivu ya nyonga, na kaswende, iuayo watoto tumboni, viliisumbua sana Buhaya. Shane Doyle, katika kitabu chake cha mwaka 2013, amechunguza kwa kirefu habari hizo za uzazi katika Buhaya, Ankole na Buganda. Wakati huo huo wanawake wa Kihaya waliokwenda kutafuta maisha Nairobi na Kampala walisemwa vibaya, na lawama ya utasa ikawekwa juu yao kana kwamba maradhi hayana mwanamume ndani yake. Penisilini ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, maradhi hayo yakapata dawa ya kweli, nayo hospitali za misheni katika Muleba, kama Ndolage na Rubya, zikawa kimbilio. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera, lawama ya zamani ilirudi kwa vazi jipya.

Serikali haikudharau tiba ya asili daima. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuichunguza, nacho kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Madaktari wa Kichina walikuwa wamekwisha fika Zanzibar mwaka 1964 na Tanganyika ya zamani mwaka 1968, na pamoja nao sindano zao za tiba. Sheria ya mwaka 2002 iliziita dawa za wenyeji tiba asili, na za kigeni, zikiwamo za Kichina, tiba mbadala. Tangu mwaka 2009 watafiti wa Muhimbili wamechapisha orodha za mimea ya dawa ya Bugabo na Katoro katika Bukoba, na ya Kikuku katika Muleba.

Orodha hizo ni faida kubwa, lakini orodha ya miti bado si elimu ya tiba. Chen Ziming hakuandika majina ya mizizi tu. Aliandika ni nani apewe, lini, na kwa nini. Wanawake wazee wa Buhaya wanaoyajua hayo hupungua kila mwaka. Atakayekwenda kuwauliza, na aende kwanza kuuliza juu ya kipimo.