Ndege na Hewa ya Pwani

Wasafiri wengi wanaopita hapa Miteja kwenda Lindi huamini kwamba hatari ya ndege iko milimani. Mimi niliyefungua injini za ndege tangu ujanani nasema hewa nzito ya pwani nayo inataka adabu yake.

Mwaka 1937 ndege za maji za Imperial Airways zilianza safari ya Southampton hadi Durban. Zilipaa kutoka ziwani Kisumu, mwinuko wa mita 1,134, zikapitia Mombasa na Dar es Salaam, kisha zikatua Lindi, baharini kabisa. Mwaka 1946 ikaja East African Airways na ndege zake sita za Dragon Rapide, kila moja na injini mbili za nguvu farasi 200, zisizo na kipuliza cha kuzisaidia kuvuta hewa. Injini ya namna hiyo ikifika Nairobi, mita 1,600 hivi, hupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Ikishuka pwani, nguvu zote hurudi.

Injini moja ikizimika, iliyobaki huipinda ndege upande mmoja, na usukani wa mkia ndio unaoizuia. Usukani huo haushiki bila mwendo. Kwa hiyo injini inapovuta kwa nguvu zaidi, rubani anahitaji mwendo mkubwa zaidi ili aimudu ndege, na mwendo huo hufika kilele kwenye usawa wa bahari.

Kanuni za Marekani za 1965 kwa ndege ndogo ziliagiza mwendo huo wa chini kabisa wa kuimudu ndege upimwe kwa nguvu zote za kupaa, ndege ikiinama si zaidi ya digrii 5, mguu wa rubani usikanyage zaidi ya kilo 68. Jibu huwekwa kama mstari mwekundu kwenye saa ya mwendo, kwa hewa ya nyuzi 15. Joto la Miteja likifika nyuzi 32, hewa hupungua uzito kwa asilimia 6 hivi, na ndege inamudika chini kidogo ya mstari. Akiba ndogo, lakini ni akiba.

Juu Nairobi akiba hiyo ni mtego. Mwendo wa kuimudu ndege unashuka, ila ule ambao mabawa huacha kubeba unabaki palepale kwenye saa. Ukipanda zaidi, miwili hiyo inakutana. Mabawa yakiacha kubeba wakati injini moja inavuta kwa nguvu, ndege hujizungusha ikianguka, na wengi wamekufa hivyo. Ndiyo maana mwalimu makini, akifundisha huko juu zoezi la kuimudu ndege kwa injini moja, huzuia kanyagio la usukani kwa mguu wake, ili mwanafunzi aone ndege ikipinda mapema, mabawa yakiwa bado yanabeba.