Sikka ya Dhahabu na Pesa ya Shaba

Katika mila za dola za Kiislamu, ambazo pwani yetu ilizifuata tangu zama za masultani wa Kilwa, alama za mtu kumiliki nchi zilikuwa mbili: jina lake kutajwa katika hotuba ya Ijumaa, na jina hilo hilo kupigwa katika sikka. Kwa hiyo Sayyid Barghash bin Said alipotoa riali zake za dhahabu mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, hakutaka fahari tupu. Alikuwa akiuarifu ulimwengu kwamba Unguja ina mwenyewe.

Huko Likoni nimepata kuishika, katika nyumba ya bibi mmoja aitunzaye kashani pamoja na udi wake, pesa ya shaba ya mwaka 1888, iliyolika hata mizani iliyochorwa juu yake imebaki kama kivuli, ilhali neno Mombasa lingali likisomeka. Na aliyeitoa hakuwa sultani, wala wazee wa Thelatha Taifa, yale mataifa matatu ya Waswahili wa Mombasa, bali kampuni ya Waingereza iliyokuwa imepewa mwambao kwa mkataba mwaka uliotangulia. Jina la mji ni letu, amri ya mtu mwingine. Baada ya rupia ikaja shilingi ya mwaka 1921, yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili, na senti zenye tundu katikati.

Madaraka ya Kenya yalipatikana tarehe 1 Juni 1963, lakini fedha za mkoloni ziliendelea kupita mikononi mwetu hata Benki Kuu ilipoundwa mwaka 1966. Mwaka huo zilipigwa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500, kuadhimisha miaka 75 ya Mzee Jomo Kenyatta. Iliyo kubwa ina uzito wa gramu 38, nayo ina sura yake upande mmoja na Mlima Kenya upande wa pili. Munasaba ulikuwa wa kuzaliwa kwa mtu, lakini mimi naisoma kuwa ni hati ya nchi iliyokwisha kujitawala, kama zilivyosomwa zile riali za Barghash.

Nilipomweleza hayo yule bibi, ambaye dhahabu aijuayo ni pauni za mkufuni, alinisikiliza hata mwisho, kisha akauliza kama jina la Mombasa limo. Nikamwambia lililomo ni la Kenya. Akaipokea pesa yake, akaifuta kwa ncha ya leso, akairudisha kashani.