Kopo Lisilo na Hewa: Ufundi wa Barometa za Kale

Mwaka 1844 Lucien Vidi, Mfaransa wa Nantes aliyesomea sheria, alipata hataza ya chombo kinachopima mgandamizo wa hewa bila tone la zebaki. Kwa miaka mia mbili kabla yake, tangu jaribio maarufu la Mwitaliano Evangelista Torricelli, aliyetaka kujua hewa inavyogeuka alihitaji mrija wa kioo wenye urefu wa karibu mita moja na zebaki ndani yake. Ukutani mrija huo ulifaa. Melini zebaki ilipanda na kushuka kwa kila wimbi, na safarini nchi kavu kioo kilivunjika kwa urahisi mno.

Wazo la Vidi lilikuwa na historia. Mwanafalsafa Leibniz wa Ujerumani alikuwa ameligusia katika barua zake kwa Johann Bernoulli karibu mwaka 1700: kifuko kilichozibwa, ambacho hewa ya nje ikiongezeka nguvu hukibana na ikipungua hukiachia. Kuwaza hivyo hakukutosha. Ilibidi apatikane mtu wa kuikabili hewa yote hiyo kwa bati jembamba, na kulizuia bati lisipondeke.

Moyo wa barometa hiyo ya Vidi, iitwayo aneroidi, ni kopo bapa la madini, umbo lake kama kopo la rangi ya viatu. Nyuso zake mbili zina mikunjo ya duara, mmoja ndani ya mwingine, ili ziweze kupinda bila kuchanika. Fundi alizishikanisha kwa lehemu ukingoni, akanyonya hewa ya ndani karibu yote, kisha akaziba tundu. Kopo lenye upana wa sentimita tano tu hapo hubanwa na uzito wa hewa unaokaribia kilo 20. Vidi alizuia lisibonyee kwa springi ndogondogo alizozipanga ndani. Mafundi wa baadaye waliihamishia kazi hiyo nje, kwa springi moja pana na nene inayolivuta kopo kwenda juu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo barometa ilipokuwa chombo cha kutengenezeka kwa wingi, kwa sababu springi ya nje fundi aliweza kuiona, kuigusa na kuirekebisha.

Baada ya kopo kinakuja kile ninachokihusudu zaidi. Uso wa kopo hausogei hata kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Waliouza barometa hizo London walieleza kwamba msogeo wa sehemu moja ya 220 ya inchi huupeleka mshale mwendo wa inchi 3. Ukuzaji huo wa mara zaidi ya mia sita ulifanywa na nyenzo chache zilizounganishwa, na mwishoni mkufu wa vipande vidogo vya chuma, mwembamba kuliko mkufu wa shingoni, uliozungushwa kwenye mhimili wa mshale. Kamani laini kama ya saa ya mkononi iliuvuta mhimili upande wa pili ili mkufu usilegee. Msuguano kidogo tu wa ekseli isiyong'arishwa vizuri ungekula habari yote iliyotoka kwenye kopo.

Joto nalo lilikuwa adui. Springi ikipata joto hulegea, kopo likabonyea, na mshale ukadai kwamba mgandamizo umeongezeka. Mafundi waliacha hewa kidogo ndani ya kopo ili itanuke na kulisaidia, au walitengeneza wenzo mmoja kwa madini mawili yaliyoshikanishwa, ambayo hupinda joto linapobadilika na kulifuta kosa.

Hataza ya Vidi haikumpa utulivu. Alimshtaki Eugène Bourdon, aliyebuni kipimo cha mrija uliopindwa, wakapelekana mahakamani kwa miaka hadi Vidi akashinda. Ufaransa ikabaki kitovu cha utengenezaji. Ndiyo maana jina lililochongwa kwenye uso wa barometa nyingi za Uingereza mara nyingi ni la mwenye duka, wala si la fundi aliyeujua mkufu ule.

Huko Uingereza, Admeri Robert FitzRoy, mkuu wa idara ya hali ya hewa, ndiye aliyewahimiza Negretti & Zambra, watengenezaji wa London, waipunguze aneroidi hadi iingie mfukoni. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1860, muda mfupi baada ya dhoruba ya Oktoba 1859 kuizamisha meli Royal Charter kwenye pwani ya Wales na kuua watu zaidi ya 400. FitzRoy alisisitiza kwamba kinachoonya ni mwendo wa mshale, yaani kupanda au kushuka kwake, si neno lililoandikwa usoni mwa barometa unalolielekea.

Alikuwa sahihi, na sisi wa Afrika Mashariki tuna ushahidi. Maneno kama mvua, mabadiliko na hali nzuri yalipangwa kwa ajili ya Uingereza. Mombasa mshale hukaa karibu na inchi 30, penye hali nzuri, hata masika ikimwagika. Huyumba kidogo tu kila siku, ukipanda mpaka saa nne asubuhi na tena saa nne usiku. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa mji, mgandamizo ni kama inchi 25, chini kabisa ya alama ya dhoruba.

Udhaifu huohuo ukawa faida kwa waliopima milima, kwani kadiri unavyopanda ndivyo mshale unavyoshuka. Ndege zikalichukua kopo la Vidi. Tarehe 24 Septemba 1929 rubani Jimmy Doolittle wa Marekani aliruka na kutua bila kuona nje, akitegemea vyombo, kikiwemo kipimo cha kimo kilichotengenezwa na Paul Kollsman kwa vikopo vya aina hiyo.

Ukirithi barometa kama hii, au ukiikuta mnadani kati ya vyombo vya meli ya zamani, usiihukumu kwa mbao na shaba inayong'aa. Gonga kioo taratibu kwa kidole. Mshale ukitikisika, huenda kopo bado lina uhai. Usilitoboe, usiulazimishe mkufu. Ipeleke kwa fundi saa mwenye mkono mtulivu, na umwombe akufungulie mgongo wa barometa uone kazi iliyomo.