Maneno Yaliyokatwa: Hamlet na Lear Mikononi mwa Kozintsev

Shakespeare alipoandika Hamlet, karibu na mwaka 1600, tamthilia za London zilichezwa mchana kweupe, katika viwanja vilivyo wazi juu, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Hapakuwa na taa za kuzimwa. Usiku ulipohitajika uliletwa kwa maneno: mlinzi humwuliza mwenziwe ni nani aliyepo, mwengine hulalamikia baridi, na watazamaji waliosimama juani hukubali kuwa ni usiku wa manane. Hiyo ndiyo asili ya ushairi wa jukwaani. Neno halikuwa pambo. Lilikuwa ndilo giza, ndilo ukuta, na ndilo bahari.

Filamu ilipozuka mwishoni mwa karne ya 19 ilikuja na giza lake na bahari yake. Tangu hapo, kila anayeichukua tanzia ya kale na kuipeleka mbele ya kamera hukabiliwa na suali moja: ikiwa jicho limekwisha kuona, sikio limebakiwa na nini?

Majibu yamekuwa mengi. Laurence Olivier, katika Hamlet yake ya mwaka 1948, aliwaondoa Rosencrantz, Guildenstern na Fortinbras. Mambo ya dola yakapungua, akabaki mtu mmoja na moyo wake. Kenneth Branagh, mwaka 1996, alishika njia ya pili: alihifadhi matini yote, na filamu yake ikapita saa nne. Huko Japani, Akira Kurosawa aliichukua Macbeth mwaka 1957, akaiacha mistari yake yote, akaihamishia kisa chake katika ngome za mabwana wa vita wa Kijapani, na akaazima mwendo na nyuso za mchezo wa kale wa No. Hamna ubeti wa Shakespeare katika filamu ile, na hata hivyo tanzia imo, nzima.

Lakini jibu lenye historia nzito zaidi ni la Mrusi Grigori Kozintsev (1905–1973), kwa kuwa ndani yake mna mkono wa mshairi, na mna damu.

Mwaka 1939 Vsevolod Meyerhold, aliyekuwa miongoni mwa nguzo za tamthilia ya Kirusi, alimwomba Boris Pasternak afasiri Hamlet kwa ajili ya jukwaa la Leningrad. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Meyerhold akakamatwa. Mwezi wa Julai mkewe, mwigizaji Zinaida Raikh, akauawa kwa visu nyumbani mwao. Tarehe 2 Februari 1940 Meyerhold mwenyewe akapigwa risasi. Aliyeagiza kazi hakuwapo tena, lakini mfasiri hakuiweka kalamu chini. Miaka ile mashairi yake mwenyewe yalichapishwa kwa shida, na kufasiri ndiko kulikokuwa riziki yake. Hamlet ya Kirusi ikachapishwa mwaka 1940. Jumba moja mashuhuri la Moscow likaanza kuifanyia mazoezi, miaka ikapita, na onyesho hilo halikufika mbele ya watu. Katika nchi ya Stalin, kisa cha mtawala aliyeingia madarakani kwa mauaji, na cha kijana anayeujua ukweli asiwe na pa kuusemea, hakikuwa kisa cha kuchezewa.

Stalin alifariki mwezi wa Machi 1953. Mwaka uliofuata Kozintsev aliipandisha Hamlet jukwaani Leningrad, kwa tafsiri ile ile. Katika barua walizoandikiana, Pasternak alimpa ruhusa ambayo wafasiri wachache wangeitoa: akate apendavyo, apunguze, kisha apunguze tena. Alieleza kuwa nusu ya maneno ya tamthilia yoyote, hata iwe ya bingwa asiyekufa, aliyaona kuwa ni maelekezo marefu ambayo mtunzi aliwaandikia waigizaji ili waingie katika kiini cha jambo.

Yafaa maneno hayo yapimwe vizuri, kwani ni rahisi kuyasikia vibaya. Pasternak hakusema kuwa ushairi ni mzigo wa kutupwa. Alikuwa amekwisha kuubeba wote, mstari kwa mstari, miaka na miaka, akirejea na kusahihisha toleo baada ya toleo. Aliyeyajua maneno yote ndiye aliyekuwa na haki ya kusema yapi yanaweza kunyamaza. Anayekata kabla ya kufasiri hajui anachokitupa.

Filamu ilitoka mwaka 1964. Ina urefu wa dakika 140 hivi, na haina rangi ila nyeusi na nyeupe. Muziki ni wa Dmitri Shostakovich, sahibu wa Kozintsev tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Mwanzoni lango la ngome linafungwa na daraja linanyanyuliwa: aliyemo ndani yumo ndani. Hotuba ya kwanza ya mfalme Claudius, ambayo jukwaani husemwa na mtu mmoja kwa mpando mmoja, Kozintsev aliivunja vipande. Mpiga mbiu anawasomea wananchi waliosimama kimya. Ndani ya jumba wakubwa na wageni wanayarudia maneno yale yale, hata kwa lugha za kigeni. Mistari imepungua, lakini mtazamaji amekwisha kuona jinsi uwongo wa serikali unavyosafiri, kuanzia mdomo hadi mdomo, mpaka ukawa habari.

Ofelia naye anaonyeshwa akifundishwa kucheza ngoma ya kiungwana na bibi mzee, mkono hivi, kichwa hivi, kama mwanasesere. Baba yake akisha kuuawa, wanawake wanamvisha nguo za msiba, na chini ya nguo hizo wanamfunga kizimba cha chuma, kiunoni na kifuani. Hapana shairi katika tamthilia ya Shakespeare linalotaja chuma kile. Hata hivyo kila alichokisema Shakespeare kuhusu binti aliyetiiishwa na baba, na kaka, na mfalme, kimo ndani ya chuma kile. Hapo jicho limefanya kazi ya ubeti.

Watazamaji wa Kirusi hawakuhitaji kufafanuliwa. Walipomsikia Hamlet akisema kuwa Denmark ni gereza, walijua wenyewe kuta zinazosemwa. Innokenty Smoktunovsky, aliyemwigiza, alitekwa vitani na Wajerumani mwaka 1943 akatoroka. Baada ya vita alijificha kwa muda katika jukwaa la Norilsk, mji wa barafu kaskazini kabisa, kwa kuwa mateka waliorejea walitiliwa shaka na serikali yao wenyewe. Uso wake ulizijua habari ambazo midomo ilifunzwa kuzinyamazia.

King Lear, iliyotoka mwaka 1971, ilikwenda mbali zaidi. Hapa pia maneno ni ya Pasternak na muziki ni wa Shostakovich. Lear ni Jüri Järvet, Mwestonia mwembamba mwenye macho makubwa. Lakini Kirusi chake kilikuwa na lafudhi, basi sauti inayosikika ni ya Zinovy Gerdt. Kisa cha Mwingereza, uso wa Mwestonia, sauti ya Mrusi mmoja na maneno ya mwengine: pengine hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa tafsiri ni kitu gani. Filamu inaanza kwa msururu wa maskini wanaochechemea njiani kuelekea kwenye ngome, watu ambao jukwaani hawaonekani. Na Chizi wa mfalme, ambaye Shakespeare anampoteza katikati ya tamthilia bila ya maelezo, Kozintsev alimbakisha mpaka mwisho. Amekaa kwenye majivu akipuliza filimbi, maiti zikipitishwa mbele yake, na askari anamsukuma kwa teke ili apishe njia. Mfalme amekufa, filimbi ingalipo. Miaka 14 baadaye Kurosawa naye aliichukua Lear akaifanya Ran (1985), mabinti watatu wakawa wana watatu, na chizi wake naye akaachwa hai ili alie.

Hasara ilikuwapo, wala haifai kufichwa. Michezo ya maneno ya Hamlet, mafumbo yake na dhihaka zake, nyingi zilikwenda na makasi. Anayeipenda tanzia kwa ajili ya ulimi wake atatoka kwenye filamu hii na kiu.

Waswahili hawajaona suali hili kwa mbali. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairejea upya mwaka 1969, mwaka aliotoa Mabepari wa Venisi, S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968. Nyerere alitumia mistari isiyo na vina, ambayo mlezi wa utenzi huiita guni, na waliomlaumu kwa hilo walikuwa na hoja yao. Lakini kazi ile ya kubeba kila mstari ndiyo inayotangulia kamera yoyote. Siku mwenye kamera wa pwani atakapoitaka Makbeth, atalikuta shehena limekwisha kushushwa, na atakuwa na cha kukata.

Pasternak alifariki tarehe 30 Mei 1960 na filamu hakuiona. Katika filamu hiyo, Hamlet anapofika kwenye usemi wake mashuhuri wa kuwa au kutokuwa, yuko peke yake ufukweni, baina ya majabali. Anatembea, mawimbi yanapiga, na midomo yake haifunguki. Maneno yanasikika yote.