Baiskeli na Maneno Yake: Historia kwa Matumizi ya Wafasiri

Katika miaka ya karibuni wafasiri wamekuwa wakiletewa maandishi ya aina ambayo hapo zamani hayakuwapo: vijitabu vya maelekezo vya baiskeli za mashindano na za matembezi, miongozo ya afya inayomshauri mtumishi wa ofisini aende kazini kwa baiskeli, na programu za simu zinazohesabu kilometa alizokwenda mtu na vilima alivyopanda. Aghalabu mfasiri huyachukua maneno ya Kiingereza jinsi yalivyo, kana kwamba baiskeli imeshushwa bandarini jana. Kumbe chombo hiki kimekuwa nasi kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika muda huo kimekwisha kujijengea lugha yake. Makala haya yanakusudia kueleza lugha hiyo ilijengwa na nani, na kwa maneno yaliyotoka wapi, kwani istilahi inayoundwa bila kujua hayo aghalabu hubaki katika jalada.

Huko Ulaya baiskeli ilizaliwa polepole, na kila hatua ilikuwa na jina lake. Mwaka 1817 Karl Drais wa Mannheim alionyesha chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedali, ambacho mpandaji alikisukuma kwa kukanyaga chini. Pedali zilifuata Ufaransa katika miaka ya 1860, kisha likaja lile gurudumu kubwa la mbele lililowaangusha wengi. Baiskeli ya magurudumu yaliyo sawa, inayovutwa kwa mnyororo kutoka nyuma, ilipata umbo lake tunalolijua katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885, kwa kazi ya John Kemp Starley. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, akiwa Belfast, akapata hati ya tairi lenye upepo ndani. Sisi tulikipokea chombo kikiwa kimekwisha kukamilika. Ndiyo maana Kiswahili hakina majina ya hizo hatua za mwanzo, bali kina jina moja tu, baiskeli, au baisikeli kwa wale wasiopenda konsonanti mbili zifuatane. Yafaa ikumbukwe kwamba Wajerumani walitawala Tanganyika katika miaka ileile baiskeli ilipokuwa ikienea duniani, na walituachia neno shule. Lakini jina lao la baiskeli halikuacha hata alama.

Jambo la ajabu ni kwamba majirani zetu walifanya vingine, na walifanya hivyo kwa neno letu wenyewe. Neno gari, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kihindi, Waganda walilichukua wakaliita ggaali na kulipa maana ya baiskeli. Wanyarwanda nao husema igare. Sisi tulilibakiza gari kwa mkokoteni, kwa treni na baadaye kwa motokaa, tukaenda kuazima kwa Waingereza. Katika Kiswahili cha Katanga baiskeli ni kinga, neno linalofanana na ikinga la Kirundi, na husikika pia velo kutoka Kifaransa. Mfasiri anayeandikia wasomaji wa Lubumbashi hana budi kulijua hili, kwani msomaji wa Dar es Salaam akiona neno kinga atafikiri juu ya chanjo.

Tukija kwenye viungo vya baiskeli, tunaona kwamba wasemaji wa kwanza hawakungoja kamati yoyote. Walitazama kile walichokuwa nacho. Watu wa pwani walikuwa na vyombo vya bahari, na kwa hiyo kile kipande cha chuma kinachoelekeza gurudumu la mbele kikaitwa usukani, neno la Kiarabu la chombo cha kuongozea jahazi. Walikuwa na punda, na kwa hiyo mahali pa kukalia pakaweza kuitwa tandiko, ingawa leo wengi husema kiti au siti. Kengele ilikuwapo. Mnyororo pia ulikuwapo, lakini ulikuwa na kumbukumbu mbaya za utumwa na jela, na sidhani kwamba ni kwa bahati tu mafundi wengi walipendelea cheni. Vile vijidude vya mviringo vya chuma vinavyolainisha mzunguko vilipewa jina la mchezo wa watoto, gololi, na hadi leo hakuna mhandisi aliyethubutu kuliondoa.

Mafundi waliokaa chini ya miti wakiziba pancha walikuwa wakisikia majina ya Kiingereza kutoka kwa wauzaji wa vipuri, wakayapokea kwa masikio yao na kuyapa sarufi ya Kiswahili. Mfano ulio bora kuliko yote ni madigadi. Neno la Kiingereza lililotajwa dukani lilikuwa moja, la umoja, lenye maana ya kizuizi cha matope. Lakini sikio la Mswahili lilisikia ma- mwanzoni, na ma- kwetu ni dalili ya wingi. Basi ikiwa madigadi ni mengi, moja ni nini? Ni digadi. Fundi husema digadi la mbele limepinda, na madigadi yote mawili yanahitaji rangi. Wanaisimu wameutaja mfano huu mara nyingi pamoja na ule wa kiplefti na viplefti vya barabarani, nao huutaja kwa kuchekelea. Lakini sisi tunaohusika na istilahi tunapaswa kuutazama kwa makini zaidi. Neno hilo halikuamriwa na mtu. Limeingia katika ngeli, limepata umoja wake, na linatawala upatanisho wa sentensi nzima. Ni istilahi ngapi zilizopitishwa vikaoni ambazo zimefika mbali kiasi hicho?

Kuhusu upepo niseme neno moja. Walimu wa sayansi huwasahihisha wanafunzi wanaposema kujaza upepo, wakitaka waseme kujaza hewa. Kisayansi wana haki. Lakini katika lugha ya baiskeli, upepo ni hewa iliyofungwa ndani ya mpira, nayo ni maana maalumu, iliyo wazi kwa kila mtu. Na neno maalumu lenye maana moja kwa watu wote ndilo tunaloliita istilahi.

Lugha hii ilikuwa ya kazi. Baiskeli ilibeba magunia, madumu ya maji, mikungu ya ndizi, wagonjwa na maharusi. Kwa sababu hiyo keria ni kiungo kinachojulikana hata na mtoto, ilhali watengenezaji wa baiskeli za mashindano hawaiweki kabisa. Hata baiskeli za Swala, zilizoundwa nchini na shirika la NABICO katika enzi za mashirika ya umma, zilikuwa baiskeli nzito za mkulima. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, kuanzia miaka ya 1960 vijana walivusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na kutokana na neno la Kiingereza la mpaka likazaliwa jina bodaboda, ambalo baadaye pikipiki ililinyang'anya. Katika miji kadhaa ya Kanda ya Ziwa baiskeli za abiria ziliitwa daladala, kwa kufananishwa na mabasi. Dar es Salaam ikatoa guta, baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Maneno yote haya ni ya riziki, na hapana hata moja linalomhusu mtu anayetoka nyumbani jioni na baiskeli bila ya kuwa na pa kwenda.

Hapa ndipo inapotokea shida ya vitenzi, nayo si ndogo. Kwa kawaida tunasema kupanda baiskeli, kama tunavyosema kupanda punda. Na tunasema pia kuendesha baiskeli. Wafasiri wengi huyatumia kwa kubadilishana, na katika hadithi hapana madhara. Lakini mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, na tangu hapo kazi ya kuzileta sheria za zamani katika Kiswahili imekuwa kazi ya lazima. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ni mojawapo ya zile zinazomgusa mwananchi kila siku. Tuseme imeandikwa kwamba mpanda baiskeli anawajibika kuwasha taa usiku. Ni nani huyo? Aliyekaa kwenye keria naye amepanda baiskeli, na katika nchi ambayo keria ni kiti cha abiria jambo hili si la kubuni. Watu huzungumzia hata kupakia mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi nyuma ya dereva. Kwa maoni yangu, katika maandishi ya sheria na ya bima yatumike mwendesha baiskeli kwa yule anayeshika usukani, na abiria kwa yule aliyepakiwa. Mpanda baiskeli liachiwe michezo, ambako mtu huwa peke yake juu ya chombo.

Michezo yenyewe haikuwa na shida kubwa ya maneno, kwa sababu mashindano ya baiskeli yamefanyika kwa miaka mingi na watangazaji wamekuwa wakijitafutia. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, na yalifanyika katika nchi ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi tangu 2017. Lile kundi kubwa la waendeshaji wanaokwenda pamoja ili kupunguza nguvu ya upepo, naona laweza kuitwa msafara. Neno hili lina harufu ya njia ndefu, na kila mtu analijua.

Shida ipo kwenye baiskeli ya starehe. Nimewahi kuona katika rasimu maneno "uendeshaji wa baiskeli kwa madhumuni ya burudani". Maneno hayo yanaeleweka, lakini hapana binadamu atakayemwambia mwenziwe Jumamosi twende tukafanye hayo. Kiswahili kina neno matembezi, ambalo ingawa asili yake ni kutembea, watu wa pwani hulitumia kwa kila utokaji wa kujifurahisha, hata wa chombo cha baharini. Matembezi ya baiskeli yanatosha. Na kwa lugha ya nyumbani tunayo kupunga upepo, ambayo kwa baiskeli ni kweli mara mbili.

Kwa vifaa vya mwanafunzi wa matembezi hayo sina maneno mengi. Neno moja la Kiingereza hubeba maana ya vifaa vyote anavyovaa na kuchukua mwendeshaji, na pia maana ya yale magurudumu yenye meno yanayobadilisha uzito wa kukanyaga. Kwetu la kwanza ni vifaa, la pili ni gia, na mfasiri asiyachanganye. Kinga ya kichwa ni kofia ngumu. Wako wanaotaka kufufua chapeo, neno la Kireno linalojulikana na wasomaji wa Biblia. Ni neno zuri, lakini linamvisha mtu silaha za askari wa kale, naye anakwenda sokoni tu.

Yaliyosalia ni maneno ya vipimo. Mwishoni mwa karne ya 19 tayari palikuwa na vihesabio vidogo vilivyofungwa karibu na gurudumu la mbele: pini iliyowekwa kwenye spoku iligonga kijigurudumu cha meno kila mzunguko, na tarakimu zikasogea. Mwalimu wa hisabati anaweza kulirudia jambo hilo uani mwa shule. Gurudumu la inchi 28 huenda kama meta 2.23 kwa mzunguko mmoja, hivyo kilometa moja ni mizunguko 450 hivi. Baadaye sumaku na umeme vilichukua nafasi ya pini, na baada ya Serikali ya Marekani kuacha mwezi Mei 2000 kuyapunguzia usahihi kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake yanayotumiwa na raia, kazi ya kuhesabu ilihamia kwenye vyombo vidogo vya mkononi na hatimaye kwenye simu. Programu ya Strava, iliyoanza 2009, imewafanya watu wasiojuana washindane kwenye kilima kimoja katika siku mbalimbali.

Maneno mengi ya vyombo hivi tunayo. Kasi, mwinuko, mteremko na masafa hayana ugomvi. Neno mwendokasi, lililozoeleka katika habari za ajali, tangu 2016 limechukuliwa na mabasi ya Dar es Salaam, na itakuwa shida kulirudisha. Idadi ya mizunguko ya miguu kwa dakika imependekezewa jina la mapigo, kwa mfano wa kupiga makasia. Pendekezo hilo lingenivutia lau kioo hichohicho kisingeonyesha pia mapigo ya moyo. Mwendeshaji aliyechoka akiona mapigo 90 hatajua kama asifiwe au apumzike. Kwa hiyo mizunguko ya pedali ni salama zaidi.

Kumbukumbu ya safari nzima ndiyo inayotuletea mzozo. Kitenzi kufuatilia, kinachotumika katika programu nyingi, kina sura ya polisi na mtuhumiwa, na hakisemi kwamba mtu anajiandikia mwenyewe. Manahodha wetu walikuwa na batli, daftari la chombo lililoandikwa siku, upepo, mahali na mambo yaliyotokea njiani. Chombo kilichotupa usukani kinaweza kutupa na hili pia. Nomino ni ya ngeli ya I-ZI, batli hii, batli hizi. Na kuandika ni kutia katika batli.