Nyota na Asili ya Uhai: Historia Fupi ya Ugunduzi

Katika Kiswahili, nyota si mwanga wa usiku tu. Mwenye bahati husemwa ana nyota ya jaha, na wapiga falaki wa pwani walizitazama nyota ili kubashiri maisha ya mtu. Sayansi ya karne ya 20 nayo iligundua uhusiano mwingine kati ya nyota na uhai. Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi ulivyogunduliwa.

Ulimwengu ulipoanza ulikuwa na haidrojeni, heliamu na lithiamu kidogo sana. Je, kaboni ya miili yetu, oksijeni tunayovuta na chuma kilichomo katika damu vilitoka wapi? Mwaka 1946 Mwingereza Fred Hoyle alieleza kuwa elementi za namna hiyo hutengenezwa ndani ya nyota. Lakini kulikuwa na kikwazo: kwa mujibu wa hesabu, viini vitatu vya heliamu visingeungana kwa kasi ya kutosha kufanya kaboni. Mwaka 1953, akiwa California, Hoyle aliwaambia wanafizikia wa huko kuwa lazima kiini cha kaboni kiwe na kiwango fulani cha nishati kinachorahisisha muungano huo. Bila hicho, hata sisi tusingekuwapo. Walimtilia shaka, lakini walipopima walikikuta.

Ushahidi wa angani ulihitaji darubini, na katika kituo cha Mount Wilson wanawake hawakuruhusiwa kuzitumia. Mwaka 1955 Margaret Burbidge aliingia huko kama msaidizi wa mumewe Geoffrey, ingawa mtaalamu wa darubini alikuwa yeye. Mwaka 1957 wawili hao, Hoyle na William Fowler walichapisha makala ya kurasa zaidi ya 100, jina la Margaret likiwa la kwanza. Walionyesha jinsi nyota zinavyotengeneza elementi na kuzitawanya angani, hasa nyota kubwa zinapolipuka. Mwaka 1983 Fowler alipata Tuzo ya Nobel. Wenzake watatu hawakuipata.

Jua na Dunia vilitokana na mabaki hayo takribani miaka bilioni 4.6 iliyopita. Basi mwanafunzi akiuliza maana ya nyota ya jaha, mwalimu amweleze, kisha aongeze kuwa kila mtu, mwenye jaha na asiye nayo, ana nyota yake: imo katika damu.