Kifo cha seli katika glioblastoma sugu kwa mionzi
Glioblastoma ni saratani kali ya ubongo ambayo tibamionzi huichelewesha bila kuimaliza. Mionzi hukata nyuzi za DNA, na seli iliyojeruhiwa hutarajiwa kujiua kwa mpango, njia iitwayo apoptosisi. Katika uvimbe huu njia hiyo mara nyingi imezibwa: mfumo wa protini p53 umeharibika, na seli zenye tabia ya seli shina hukarabati DNA upesi. Lakini usugu haumaanishi kutokufa. Seli nyingi hufa baadaye zikijaribu kugawanyika na kromosomu zilizovurugika. Maabarani zimeuawa hata kwa feroptosisi, uharibifu wa mafuta ya utando unaochochewa na chuma. Hivyo kuongeza dozi ya mionzi peke yake ni hoja dhaifu. Jaribio lililochapishwa 2005 liliongeza dawa ya temozolomidi kwenye grei 60 za mionzi: muda wa kati wa kuishi ulitoka miezi 12.1 hadi 14.6, faida kubwa ikiwa kwa wenye MGMT, jeni ya ukarabati wa DNA, iliyozimwa.

Nyongeza ndogo, atasema mpinzani, tena kwa mgonjwa wa Ifakara anayesafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ni kweli, ila umbali huo ndio unaoipa biolojia hii uzito. Wiki sita za mionzi mbali na mashamba ya mpunga ya Kilombero ni gharama nzito. Kwa wazee, kozi ya wiki tatu imetoa matokeo yanayokaribiana, na kipimo cha MGMT husaidia kuamua kama dawa itafaa.